Msimamizi wa mshauri nasaha si mkaguzi

Washauri nasaha wengi wachanga hapa Tanga hudhani kusimamiwa kitaalamu ni kukaguliwa na bosi: rejesta imejaa, saini imepigwa, basi. Sivyo. Bosi huuliza umehudumia wangapi. Msimamizi, yaani mshauri mwenye uzoefu mnayekaa naye kupitia kazi yako, huuliza ulisema nini mteja aliponyamaza, na kwa nini.

Brigid Proctor, mtaalamu wa usimamizi huu kutoka Uingereza, aliitaja kazi ya msimamizi kwa sehemu tatu: kulinda maadili, kukuza ujuzi na kumtegemeza mshauri. BACP, chama cha washauri nasaha cha huko, huwataka wanachama wake wenye ithibati wasimamiwe angalau saa 1 na nusu kila mwezi.

Njoo kikaoni kwa msimamizi na kesi moja iliyokukwamisha, si ile iliyokupa sifa. Ukileta sauti iliyorekodiwa, mteja awe ameridhia kwanza; dakika 10 zatosha. Kuficha jina pekee hakusaidii: ukisema “muuza samaki wa Deep Sea mwenye mapacha”, nusu ya mji wameshamjua. Badili kazi, mtaa, hata umri.

Bosi akiwa ndiye msimamizi, makosa hufichwa, maana nani ataanika kosa mbele ya anayempandisha cheo? Na mteja akitaja kujiua, usingoje kikao; mpigie msimamizi siku hiyohiyo.