Cd ni namba ya nini? Kusoma kani ya hewa kwenye kompyuta

Programu ya kuiga mtiririko wa hewa, OpenFOAM kwa mfano, ikimaliza hesabu zake hutoa namba inayoitwa Cd. Namba hiyo si kani yenyewe. Ni kani ya ukinzani iliyogawanywa kwa zao la vitu vitatu: nusu ya densiti ya hewa (masi yake katika kila mita ya ujazo), mwendokasi kipeo cha pili, na eneo ulilotaja wewe mwenyewe. Kwa gari huwa ni eneo la mbele, kwa bawa la ndege ni eneo la bawa likitazamwa kutoka juu. Ndiyo maana Cd ya basi na ya bawa hazilinganishwi. Ukitaja eneo lisilo sahihi, programu hailalamiki. Inakupa namba safi kabisa, na ya uongo.

Kugeuza Cd kuwa niutoni, yaani kani halisi, ndipo wengi wetu Uganda tunapoteleza. Densiti ya kilo 1.225 kwa mita ya ujazo inayonakiliwa kila mahali ni ya usawa wa bahari kwenye nyuzi 15. Kampala iko karibu mita 1,200 juu, na hewa yake ni karibu 1.04 tu. Chukua basi la umeme, jamii ya Kayoola inayoundwa na Kiira Motors, tuseme lina eneo la mbele la mita za mraba 7.5 na Cd ya 0.6. Likienda Jinja kwa kilomita 80 kwa saa, ukinzani ni kama niutoni 1,150. Tumia densiti ya baharini, unapata 1,360. Tofauti hiyo unailipia betri ambayo basi halikuihitaji.

Usiridhike na jumla. Programu huigawa kani mafungu mawili: ya presha, na ya msuguano wa hewa kwenye bodi. Kwa basi lenye umbo la sanduku, presha lazima ibebe sehemu kubwa, kwa sababu hewa huachana na bodi nyuma na kuacha presha ndogo huko. Msuguano ukiongoza, rudi ukague meshi (vijisehemu ambavyo hewa imegawanywa kwa hesabu) na masharti ya mipakani mwake kabla ya kumwonyesha mtu yeyote matokeo.

Na kama uliiga nusu ya basi ili kuokoa muda, kani uliyopewa ni ya nusu. Ama zidisha kwa mbili, au hakikisha eneo uliloandika nalo ni la nusu. Namba ikiyumbayumba hadi mwisho, chukua wastani wa mizunguko mingi ya hesabu, usinakili mstari wa mwisho pekee.