Skora hakai tu kivulini

Sherehe ya kufunga msimu ya klabu yetu ya kriketi, pilau limeshaliwa, mwenyekiti wetu akasimama kutoa shukrani. Anayetunza wiketi, ule ukanda wa kuchezea katikati ya uwanja, akapigiwa makofi, na alistahili: mtu anayeamka alfajiri kuja kuburuta rola, nauli akijilipia mwenyewe, anastahili zaidi ya makofi. Wakafuata kocha wa watoto na mama wa chai. Kisha zamu yangu mimi skora, mwandika alama: "Na dada yetu wa daftari, yeye kazi yake kukaa kivulini, maana siku hizi simu inafanya kila kitu." Watu wakacheka. Nami nikacheka, kwa adabu. Nimelisikia neno hilo misimu mingi, ila safari hii limenifika hapa.

Simu inajua kujumlisha, basi. Kilichotokea uwanjani lazima mtu akione, ajue ni nini, ndipo abonyeze.

Chukua mpira mmoja tu. Mrushaji kapitiliza mstari, mwamuzi kaita noboli, yaani mpira usio halali, mpira umekosa gongo, ukagonga pedi ya mguuni, ukateleza hadi mpakani, ambako ni nne. Mikimbio mitano, ndizo alama zetu. Haya, ya nani? Kijana mwenye simu anabonyeza noboli, anabonyeza nne, na mpigaji kazawadiwa nne ambazo gongo lake halikuzigusa. Kumbe mmoja ndio wa noboli, na huo anaandikiwa mrushaji. Minne iliyobaki ni legi bai, ya mpira uliogusa mwili bila kugusa gongo: si ya mpigaji, wala mrushaji haimhusu. Sasa mpira huohuo uwe waidi, yaani umerushwa mbali mno na mpigaji, umpite mlinda wiketi aliye nyuma yake, ufike mpakani. Mitano vilevile, lakini sasa yote ni waidi na yote inamwangukia mrushaji. Ubaoni jumla ni ileile, ndiyo maana hakuna anayeshtuka. Na wale wazee wanaoshikilia kwamba bai (mikimbio ya mpira uliopita bila kugusa gongo wala mwili) ya kwenye noboli huandikwa noboli, walikuwa sahihi enzi zao. Sheria za mwaka 2017 za MCC, klabu ya London inayotunza sheria za kriketi, zilibadilisha hilo. Mpaka leo tunabishana kila mapumziko ya chai, na chai inapoa.

"Sasa kama jumla ni ileile, tatizo liko wapi?" Tatizo ni mtoto wa watu. Mwaka 2025 vijana wetu walipofuzu Kombe la Dunia la chini ya miaka 19, mara ya kwanza kwa Tanzania, tulishangilia wote. Hapa klabuni yupo binti anayerusha mpira, naye anaota kuitwa siku moja. Cha kumwonyesha kocha asiyemjua ni namba zake tu. Nikimbebesha legi bai nne kila wiki, mwisho wa msimu anaonekana mrushaji wa ovyo, na hatajua kwa nini.

Ziada nazo, yaani mikimbio yote isiyotoka kwenye gongo, watu wanaziona makombo. Kenya ilipoiangusha West Indies kule Pune, tarehe 29 Februari 1996, ilipata mikimbio 166. Steve Tikolo, aliyefanya vizuri kuliko wapigaji wenzake, alikuwa na 29. Ziada zilikuwa 37. West Indies wakatolewa wote wakiwa na 93 tu. Safu ile ya chini, ambayo watu huiruka wakisoma, ndiyo iliyobeba mzigo mkubwa siku hiyo.

Mwisho wa iningi, zamu ya timu moja kupiga, daftari linajihukumu lenyewe. Tuseme wapigaji wana 121, waidi 9, noboli 3, bai 3, legi bai 4: jumla 140. Upande wa pili warushaji wawe na 133, uongeze bai na legi bai 7. 140. Zikikataa kukutana, unarudi nyuma ova kwa ova, kila fungu la mipira sita, kumtafuta mwizi, huku wachezaji wakikuuliza kama umelala.

Ndiyo maana sheria inataka maskora wawili, wanaolinganisha madaftari yao mara kwa mara. Inamtaka pia mwamuzi asubiri mmoja wetu aitikie ishara yake kabla mchezo haujaendelea. Umesikia, mwenyekiti? Uwanja mzima unasubiri mkono kutoka huku kivulini.

Na namba sahihi bado inaweza kusomwa vibaya. Durban, Machi 2003, mvua imekaribia kuikatiza mechi, Afrika Kusini wakaamini 229, kwa hesabu ya mechi za mvua, zinawatosha kuishinda Sri Lanka. Mark Boucher akauzuia tu mpira wa mwisho, hakukimbia. Kumbe 229 ilikuwa ya sare, na sare haikuwatosha. Wakatolewa kwenye Kombe la Dunia wakiwa nyumbani kwao. Kwenye kundi hilohilo Kenya ilisonga mbele, ikafika nusu fainali.

Sasa ya kwangu, maana nami si malaika. Kutoka pale nilipo, bai na legi bai sizitofautishi kwa jicho. Naufuata mkono wa mwamuzi, na yapo majumamosi ambapo nadhani kakosea, lakini naandika alichotoa. Kuna mechi moja daftari langu lilizidi la mwenzangu kwa mkimbio mmoja. Tulirudia kila ova, tukawaita waamuzi, wakaamua langu lifuatwe. Tukashinda kwa mkimbio huohuo mmoja. Mwenzangu ni mtu makini kuliko mimi, na hajafuta alichoandika. Daftari lile ninalo kabatini. Nimelipitia tena mwezi uliopita, ova ya 14, kuna kinukta ambacho sijui ni nukta, yaani hakuna mkimbio, au ni moja iliyokwanguka.

Msimu ujao simu tutaitumia, sina ugomvi nayo, ilimradi pembeni yake kuwe na karatasi. Ninachotaka kwa mwenyekiti si makofi. Mwenzangu amehamia Mwanza, kiti chake kiko wazi, na Jumamosi tunaanza saa tatu na nusu. Aje yeye mwenyewe akae kivulini. Penseli ninazo.