Kabla ya Kununua Vishikwambi, Tuulize Nani Atakayefikiri

Mwaka 1922 mvumbuzi Thomas Edison alitabiri kwamba filamu zingeleta mapinduzi katika elimu na, ndani ya miaka michache, kuchukua nafasi ya vitabu vya kiada kwa sehemu kubwa. Baadaye redio ilipokelewa kwa matumaini kama hayo, kisha televisheni, kisha kompyuta. Leo ni zamu ya vishikwambi na akili unde. Kazi yetu katika taasisi ni kutathmini ufundishaji, na wakuu wa shule pamoja na kamati za wazazi hutuuliza mara kwa mara wanunue nini. Sisi huwarudisha kwenye swali linalotangulia bei: kifaa hiki kikishaingia darasani, kazi ya kufikiri itafanywa na nani?

Peru ilitangulia kununua. Serikali yake iligawa kompyuta ndogo zaidi ya 800,000 kwa wanafunzi. Watafiti wa Benki ya Maendeleo ya Nchi za Amerika walifuatilia shule za msingi 319 za vijijini, na baada ya mwaka mmoja na miezi mitatu hivi waliona kwamba zile zilizoingia kwenye mradi zilikuwa na zaidi ya kompyuta moja kwa kila mwanafunzi. Hata hivyo, katika hisabati na lugha wanafunzi wa shule hizo hawakuwazidi wenzao wasiopata kompyuta. Watoto walijifunza kuitumia mashine, lakini intaneti ilikuwa haba, mafunzo ya walimu yalikuwa machache, na muda mwingi uliishia kwenye kuchapa maandishi, michezo na muziki. Somo lenyewe lilibaki lilivyokuwa.

Huko Delhi, India, mambo yalikwenda tofauti. Wanafunzi wa darasa la sita hadi la tisa waligombea kwa bahati nasibu nafasi za bure katika vituo vya masomo ya baada ya saa za shule, ambako walitumia programu ya kompyuta. Programu ilianza kwa kumpima kila mtoto, ikaonyesha jambo ambalo mtihani wa darasa hulificha: wengi walikuwa nyuma ya darasa lao kwa miaka kadhaa. Mtoto ambaye bado hajui kugawanya hafaidiki na somo la asilimia, hata mwalimu awe hodari namna gani. Atanyamaza, atanakili kilichoandikwa ubaoni, na mwaka utakwisha. Programu ile ilimpa kila mmoja mazoezi ya pale alipofikia, na akikosea ilimweleza kulingana na kosa alilofanya. Baada ya miezi minne na nusu, waliopata nafasi waliwazidi wenzao katika hisabati na Kihindi. Hata waliokuwa dhaifu kabisa, ambao kwa masomo ya shule peke yake walikuwa karibu hawapigi hatua, walisonga mbele. Tusisahau pia kwamba muda wa kituoni uligawanywa nusu kwa nusu: nusu kwenye kompyuta, na nusu katika kikundi kidogo na mkufunzi.

Kwa maoni yangu hii ndiyo faida kubwa kuliko zote ambazo teknolojia inaweza kuliletea darasa lenye wanafunzi wengi. Mwalimu mwenye madaftari sitini husahihisha usiku, na huenda akayarudisha baada ya siku tatu au nne. Muda wote huo mtoto aliyekosea kujumlisha sehemu anaendelea kufanya mazoezi ya njia isiyo sahihi, na njia hiyo inakomaa. Zoezi la kompyuta linamrudishia jibu palepale, angali anakumbuka alivyofikiri. Mwalimu naye, akipata orodha ya maswali yaliyowashinda wengi kabla hajaingia darasani, anajua aanzie wapi. Kazi ya kupanga somo inabaki yake. Kilichopungua ni kubahatisha.

Kwa mwanafunzi asiyeona, programu inayosoma maandishi kwa sauti, au kifaa kinachoyageuza kuwa nukta nundu, haina mjadala wa faida na hasara. Ndiyo inayomwezesha kusoma kitabu kilekile wanachosoma wenzake. Ni vivyo hivyo kwa kiziwi na video zenye maandishi. Bajeti ikiwa ndogo, naomba shule zianzie hapa.

Ugumu unaanza pale kifaa kinapomwondolea mtoto jasho la kujifunza. Hapa akili unde inahitaji macho makini. Katika jaribio moja lililofanyika kwenye shule ya sekondari nchini Uturuki, wanafunzi waliofanya mazoezi ya hisabati wakiwa na programu ya kawaida ya kuzungumza na akili unde walifanya vizuri zaidi kwa asilimia 48 kuliko wasiokuwa nayo. Ilipoondolewa na mtihani ukaja, matokeo yao yalikuwa chini ya ya wenzao kwa asilimia 17. Kundi la tatu lilitumia programu iliyopangwa itoe vidokezo badala ya majibu, na madhara hayo karibu yalitoweka. Teknolojia ilikuwa ileile. Mzazi anayeona kazi ya nyumbani iliyojibiwa bila kosa hata moja amwombe mwanawe aeleze hatua moja ya swali moja, daftari likiwa limefungwa.

Kusoma ni eneo jingine ambalo watu hulichukulia kirahisi. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2018 ulikusanya tafiti 54 zenye washiriki zaidi ya 170,000, na ukaonyesha kwamba watu huelewa zaidi wakisoma kwenye karatasi kuliko kwenye skrini, hasa matini ya maarifa na hasa wakiwa na muda mdogo. Kwa hiyo hatuishauri shule yoyote ibadilishe vitabu vyote kuwa faili. Kamusi, video fupi na mazoezi ya kujipima vikae kwenye kishikwambi. Sura ndefu ya historia ibaki kitabuni.

Tena, anayechezea kifaa haathiriki peke yake. Jaribio lililofanyika Kanada na kuchapishwa mwaka 2013 lilionyesha kwamba wanafunzi waliofanya mambo mengine kwenye kompyuta wakati wa mhadhara walipata alama ndogo, na waliokaa mahali walipoweza kuiona skrini ya mwenzao nao walishuka. Ndiyo maana kanuni ya "kila mtu na kifaa chake, atajijua mwenyewe" haifai darasani. Vifaa vitolewe zoezi linapovihitaji, kisha vifunikwe.

Janga la UVIKO-19 lilitufundisha mengine. Mwaka 2020 UNICEF ilikadiria kwamba watoto wasiopungua milioni 463 hawakuweza kufuata masomo ya mbali shule zilipofungwa. Lakini nchini Botswana watafiti walijaribu njia nyepesi: ujumbe mfupi wenye maswali ya hesabu kila wiki kwa simu ya kawaida ya mzazi, na kwa baadhi ya familia mwalimu alipiga simu pia, akalifanya swali pamoja na mtoto na mzazi wake. Ujumbe peke yake ulisaidia kidogo mno. Ulipoongezwa na simu ya mwalimu, watoto walipanda waziwazi katika hesabu.

Kwa kamati zinazojiandaa kununua, tunashauri hivi. Chagueni mada moja inayowashinda wanafunzi wengi, mjaribu programu kwa muhula mmoja katika darasa moja, na muwapime kwa karatasi wale walioitumia na wale ambao hawakuitumia. Tengeni kabla ya ununuzi fedha za mafunzo ya walimu, za umeme na intaneti, na za matengenezo, kwa sababu hizo ndizo hukosekana mwaka wa pili. Mkataba utaje ni nani atatengeneza kifaa kikiharibika na kwa muda gani, majibu na taarifa za watoto zinatunzwa wapi, nani anaruhusiwa kuziona, na zitafutwa lini mtoto akihama shule. Muuzaji asiyekubali kuyaandika hayo, msisaini naye.