Kuhamishia tovuti kwenye HTML5: anza na fomu

Shule ya upili ya Kakamega, chama cha ushirika cha maziwa cha Nakuru au muuza vipuri wa Kisumu ambaye tovuti yake ilijengwa miaka kumi na mitano iliyopita, huenda kurasa zake bado zimeandikwa kwa HTML 4.01 au XHTML 1.0, matoleo ya zamani ya lugha ya kuandikia kurasa za tovuti. Kanuni hizo ni za 1999 na 2000, kabla watu wengi hawajaanza kusoma tovuti kwenye simu. HTML5 iliidhinishwa na W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, tarehe 28 Oktoba 2014, na tangu 2019 kanuni zake zinatunzwa na WHATWG, kundi la watengenezaji wa vivinjari linalozirekebisha mfululizo bila kuzipa nambari mpya. Kwa hiyo hakuna HTML6 ya kusubiri.

Kuhama kunafaa. Faida kubwa zaidi, kwa maoni yetu, iko kwenye fomu, na hapo ndipo pa kuanzia.

Chukua fomu ya kuomba nafasi ya mwanafunzi. Sehemu ya simu ikiandikwa type="tel", mzazi akiigusa simu yake humletea vitufe vya tarakimu; type="email" huleta kibodi yenye alama ya @. Neno required huzuia fomu kutumwa ikiwa na pengo. Yote haya hufanywa na kivinjari chenyewe, bila JavaScript (msimbo wa programu unaopakuliwa pamoja na ukurasa) ya ziada inayokula bando la mzazi.

Lakini usiandike type="number" kwa nambari ya simu. Aina hiyo ni ya hesabu: haikubali alama ya kujumlisha ya +254, gurudumu la kipanya linaweza kuibadilisha tarakimu bila mtu kujua, na seva (kompyuta inayopokea fomu) ikiihifadhi kama hesabu, sifuri ya mwanzo hudondoka. Ukiweka pattern (sharti la mpangilio wa herufi) inayodai tarakimu 10 zinazoanza na 07 au 01, kumbuka wengi huacha nafasi katikati ya tarakimu, na kivinjari kitawakatalia. Ruhusu nafasi hizo, kisha uziondoe kwenye seva.

Tarehe ya kuzaliwa ni mtego mwingine. Kwa type="date", seva hupokea mwaka, mwezi kisha siku, kama 2011-03-07, lakini mtu huonyeshwa tarehe kwa mpangilio wa kivinjari au kifaa chake. Laptopu iliyowekwa Kiingereza cha Marekani hutanguliza mwezi, na Machi 7 huingia kama Julai 3 mtu akiijaza kwa mazoea ya Kenya. Badala yake tumia sehemu tatu, siku, mwezi na mwaka, na mwezi uchaguliwe kwa jina lake. Tena, onyo la kosa hutoka kwa lugha ya kivinjari, hata kama ukurasa wako ni wa Kiswahili. Kulibadilisha kunahitaji setCustomValidity, ambayo ni JavaScript.

Na ukaguzi wa kivinjari si ulinzi. Mtu yeyote anaweza kuuzima na kutuma anachotaka, hivyo seva lazima ikague kila kitu upya.

Faida ya pili ni muundo. Mahali palipojaa div, tagi ya kisanduku isiyosema kilichomo, sasa pana header, nav, main, article na footer. Mtu asiyeona anayetumia kisomaji skrini anaweza kuruka menyu yote na kutua kwenye main, badala ya kusikiliza viungo vilevile katika kila ukurasa. Katiba ya Kenya, kifungu cha 54, inawapa watu wenye ulemavu haki ya kufikia habari, na tovuti ya shule au zahanati ni mlango wa habari hizo. Ongeza lang="sw" kwenye tagi ya html; bila hiyo kisomaji kinaweza kukitamka Kiswahili kwa matamshi ya Kiingereza. Mwanzoni HTML5 iliruhusu kila section iwe na h1 (kichwa kikuu) yake, lakini vivinjari havikuwahi kuitekeleza kanuni hiyo, nayo ikafutwa 2022. Weka h1 moja, kisha h2 na h3 kwa mpangilio.

Video sasa hucheza bila Flash, programu-jalizi ya zamani ya kuchezea video, iliyositishwa mwisho wa 2020. Hata hivyo tagi haipunguzi uzito. Video ya dakika 5 iliyobanwa kwa megabiti 1 kwa sekunde ni takriban megabaiti 37. Weka preload="none" ili isipakuliwe kabla ya kubofywa, picha ya poster inayoonekana kabla video haijachezwa, wala usiiache ijianzishe yenyewe.

Kazi yenyewe ya kuhama huanza kwa kutunza nakala ya tovuti nzima. Kisha badilisha mstari wa kwanza uwe <!DOCTYPE html>, tangaza utf-8 (mfumo wa kuhifadhi herufi) ndani ya baiti 1024 za mwanzo, na uweke meta ya viewport ili ukurasa utoshee simu. Mstari huo wa kwanza pekee unaweza kuvuruga sura, kwa sababu kivinjari huacha mazoea ya zamani ambayo kilikuwa kikiyavumilia. Picha zilizopangwa ndani ya jedwali hupata mwanya chini yake; display: block huuziba. Faili zilizohifadhiwa kwa Windows-1252, mfumo wa zamani wa herufi, nazo lazima zihifadhiwe upya kwa utf-8. Vinginevyo ile alama iliyopinda ya ng’ombe hugeuka kuwa kijialama cha swali, na kwenye tovuti ya ushirika wa maziwa neno hilo liko kila ukurasa.

Pitisha kila ukurasa kwenye kikaguzi cha W3C, validator.w3.org. Halafu ujaribu fomu kwa simu ya bei nafuu: kwanza kwa kivinjari cha kawaida, kisha kwa Opera Mini ikiwa kwenye hali ya kubana data kabisa, ambako JavaScript nyingi haifanyi kazi. Ikikwama hapo, irudishe kwenye fomu ya kawaida inayotumwa kwa kitufe cha submit, kabla hujaanza kugusa picha na video.