"Weka mota kubwa": dhana potofu kuhusu roboti za kurusha mpira

Timu ya shule ikikwama kabla ya mashindano, swali ni lilelile: "Mpira haufiki kwenye kikapu, tununue mota gani yenye nguvu zaidi?" Msinunue. Hapa Goma mota ya namna hiyo mara nyingi huagizwa mbali na kusubiriwa, na ikifika mpira utaendelea kuanguka karibu, kwa sababu ugonjwa hauko kwenye mota.

"Mpira ukianguka karibu, mota ni dhaifu"

Dhana hii imeharibu roboti nyingi kuliko nyingine zote. Kwenye mfumo wa gurudumu la kurushia, mota hairushi mpira. Kazi yake ni kulizungusha gurudumu mpaka lishike kasi. Kinachorusha ni nishati iliyokwisha kuwekwa ndani ya gurudumu lenyewe. Mpira unapita kati ya gurudumu na kofia, yaani ule ubao uliopinda juu yake, kwa muda usiofika sehemu moja ya kumi ya sekunde. Mota haiwahi kuongeza kitu cha maana hapo. Tazameni mwendesha chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali ya kubebea mizigo, anayeshuka na magunia: akishashika kasi, kijishimo hakimsimamishi, lakini chukudu tupu hukwama palepale. Uzito unaozunguka hufanya kazi hiyohiyo.

Tupige hesabu kwa mpira wa tenisi wa gramu 58. Gurudumu la kipenyo cha sentimita 10 likizunguka mara 3,000 kwa dakika, ukingo wake unakwenda karibu mita 15.7 kwa sekunde. Kwa kuwa upande wa pili wa mpira unaegemea kofia isiyosogea, mpira hubiringika na kutoka na nusu ya kasi hiyo. Ukitoa mtelezo, weka mita 7 kwa sekunde. Kwa pembe ya digrii 45 unafika mita 5 hivi, upinzani wa hewa tukiuacha kando.

Sasa gurudumu hilo likiwa na gramu 200, limebeba nishati ya jouli 12 tu. Mpira mmoja, pamoja na mzunguko wake na hasara ya kubanwa, unakula kama jouli 3. Ukisukuma mpira wa pili kabla gurudumu halijarudia kasi, unatua kwenye mita 3.8. Hapo ndipo timu hulalamikia mota! Funga kwenye ekseli hiyohiyo pete ya chuma ya gramu 400 yenye nusukipenyo cha sentimita 4: nishati inapanda hadi jouli 44 hivi, na mpira wa pili unapungua kama sentimita 35 tu. Pete ya namna hiyo fundi anayechonga vyuma anaweza kuikata. Mwambieni aisawazishe vizuri, maana pete iliyoegemea upande mmoja hutikisa roboti nzima na kulegeza boliti.

Gharama yake ni muda: gurudumu zito huchukua sekunde zaidi kushika kasi. Liwasheni mapema, kabla roboti haijafika mahali pa kurushia.

Kabla ya kugusa kitu kingine, angalieni mtelezo. Paka mpira unga wa chaki, rusha mara moja, kisha tazama alama. Mstari mwembamba ulio safi maana yake gurudumu limeshika. Alama iliyopakazwa kama kidole kilichovutwa, au vumbi jeusi la raba ya gurudumu mahali mpira unapoingilia, maana yake gurudumu linateleza, na mota yenye kasi zaidi italifanya liteleze zaidi. Dawa ni mbano. Kwa mpira wa tenisi anzeni na nafasi ya milimita 60 kati ya gurudumu na kofia, kisha punguzeni milimita 2 kila mara mpaka alama iwe safi. Mkipitiliza, mpira unakwama na betri inaumia.

Betri nayo hudanganya. Kasi ya mota hufuata volti: kushuka kutoka volti 12.6 hadi 11.4 kunapunguza kasi kwa karibu asilimia 10, na umbali kwa karibu asilimia 18. Kwa hiyo programu isiamuru "nguvu asilimia 80". Iamuru mizunguko kwa dakika, isomwe na enkoda (kihisi kinachohesabu mizunguko), na mlango wa mpira usifunguke mpaka kasi iwe ndani ya asilimia 2 ya lengo. Chagueni gia ili kasi ya kurushia iwe kama robo tatu ya kasi ya juu kabisa ya mota. Mota iliyofika kikomo chake haina nguvu ya ziada ya kurudisha kasi iliyopotea.

"Magurudumu mawili hushinda moja"

Mawili hutoa mpira kwa kasi inayokaribia ile ya ukingo, bila mzunguko mwingi. Lakini yakiwa kushoto na kulia, na moja likazidi kasi kidogo, mpira unapinda kando. Kwa timu ya kwanza, gurudumu moja na kofia linatosha, na mzunguko wa kurudi nyuma husaidia mpira ukigonga ubao kudondoka kikapuni.

"Manati ni ya kizamani"

Si kweli. Katika mashindano ya roboti ya shule za sekondari ya FRC (FIRST Robotics Competition) ya 2014 mpira ulikuwa na kipenyo cha sentimita 61 hivi, na timu nyingi zilichagua mikono ya manati au visukumio vya springi. Mpira mkubwa unaorushwa mmoja mmoja unaifaa manati: haingoji kushika kasi, na betri ikishuka mvuto haubadiliki. Tatizo ni mipira ya ndani ya baiskeli inayotumika kuvutia. Hulegea, hasa ikiachwa imevutwa usiku kucha au ikikaa juani. Kateni vipande vyote kwa urefu mmoja, vibadilisheni vyote kwa pamoja, na mkono uliovutwa usiachwe hata dakika moja bila pini ya kuuzuia. Unavunja vidole.

"Digrii 45 ndiyo pembe bora"

Hiyo ni pale mpira unapotua kimo kilekile ulichotokea. Kikapu kikiwa mita 2 mbele na mita 1 juu ya mdomo wa kurushia, pembe inayohitaji kasi ndogo kabisa ni kama digrii 58.

"Goma iko juu, ndiyo maana mpira hupitiliza"

Kwenye mita 1,500 hewa ni nyepesi kweli, lakini kwa mita 5 tofauti ni sentimita chache. Pimeni mbano kwanza.