Dishi kubwa halioni anga pana

Wengi huamini kwamba dishi likiwa kubwa hunasa anga pana zaidi. Ni kinyume chake. Dishi la mita 70 la NASA huko Goldstone, California, kwenye gigahezi 8.4 lina mwale, yaani sehemu ya anga linayoiona, wa takriban nyuzi 0.032; Mwezi ni mpana mara 16 hivi kuliko mwale huo.

Ndiyo maana kulipima kunataka subira. Huelekezwa kwenye galaksi kama 3C 123, ambayo nguvu ya mawimbi yake inajulikana, kisha husogezwa pembeni kwenye anga tupu. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo huonyesha uwezo wake. Cassiopeia A, mabaki ya nyota iliyolipuka, ina nguvu zaidi, lakini ni pana kuliko mwale wenyewe. Kazi hurudiwa dishi likiwa limeinama na likiwa limeinuka, maana uzito wake hulipinda, na likikosea shabaha kwa nyuzi 0.016 tu, nusu ya nguvu imepotea.