Kikohozi cha Wiki Mbili Kisisubiri Mavuno

Mtu anayekohoa kijijini hupita milango mingi kabla ya kufika zahanati. Huanza na dawa ya maji ya kikohozi dukani, kisha vidonge vya kuua vijidudu ambavyo mara nyingi hamalizi dozi yake, kisha kwa mganga, maana jirani amesema huo ni mkono wa mtu. Miezi inapita. Amekonda, kila jioni anapata homa, usiku nguo zinalowa jasho. Huenda ni kifua kikuu, na bado analala chumba kimoja na watoto.

Wanaosema wanakijiji wachelewa kwa ujinga wanakosea. Zahanati iko mbali, nauli ya bodaboda ni gharama, na shamba likiiva mtu hawezi kuliacha kwa ajili ya kikohozi. Ndiyo maana sisi tunaofanya kazi ya kifua kikuu hatuna haki ya kukaa ofisini kumsubiri. Makohozi yanaweza kusafiri, mgonjwa akabaki nyumbani. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii huacha kikopo chenye mfuniko kwa yeyote aliyekohoa wiki mbili au zaidi. Kwa anayeishi na VVU hatusubiri wiki mbili. Mtu akiamka hutoka nje penye hewa, husukutua kinywa kwa maji, huvuta pumzi ndefu na kukohoa kutoka kifuani kabisa. Mate hayasaidii kitu. Kikopo hupelekwa kwenye maabara yenye GeneXpert, mashine iliyoidhinishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2010. Ndani ya takribani saa mbili huonyesha kama vimelea vipo, na kama vimekuwa sugu kwa rifampisini, mojawapo ya dawa kuu za ugonjwa huu.

Wenye maduka ya dawa na waganga wa tiba asili huwaona wagonjwa hawa kabla yetu. Kuwakaripia kwenye mkutano wa hadhara ni kujifungia mlango. Ni heri kukaa nao, kuwaeleza dalili, na kuwaomba wamwelekeze mteja anayerudi na kikohozi kilekile.

Wachimbaji wadogo wanahitaji jicho la pekee. Machimbo ya tanzanite ya Mirerani, wilayani Simanjiro, huwavuta vijana wa mikoa mingi. Vumbi la miamba lenye silika, madini yaliyomo ndani ya mawe, huharibu mapafu, na mapafu hayo hushambuliwa na kifua kikuu kwa urahisi zaidi. Mwana-Apolo, kama mchimbaji wa huko anavyoitwa, akiishiwa nguvu hurudi kwao, na ugonjwa anarudi nao. Kwa hiyo kijiji kilicho mbali kabisa na machimbo nacho kinahusika.

Matibabu ya kawaida ni miezi 6: miwili ya dawa nne, minne ya dawa mbili, na katika vituo vya serikali hayalipiwi. Tanzania ina historia ya kujivunia hapa. Mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma ulianza mwaka 1977, na kazi iliyofanyika nchini pamoja na Dkt. Karel Styblo, mtaalamu wa kifua kikuu, ilionyesha kwamba tiba fupi yenye usimamizi inawezekana hata katika nchi maskini. Dunia ikaiga.

Mtihani mgumu huja mwezi wa pili. Kikohozi kimeisha, mwili umerudi, na vidonge vinaonekana mzigo. Anayeacha hapo anavipa vimelea nafasi ya kuwa sugu. Msimamizi wa matibabu, awe mke, kaka au jirani, aambiwe mapema kwamba mkojo utakuwa na rangi ya machungwa na si damu. Wengi hutupa dawa kwa hofu hiyo tu. Ganzi miguuni itajwe kituoni, maana ina dawa yake. Macho yakiwa ya njano, mgonjwa arudi siku hiyohiyo. Mama anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango aseme, kwa sababu rifampisini hupunguza nguvu ya vidonge hivyo. Na tuulize kuhusu chakula: mgonjwa akianza kupata nafuu hamu ya kula hurudi, na nyumba isiyo na unga inaweza kumfanya mtu aziache.

Sahani na kikombe havienezi ugonjwa huu. Unaenea kwa hewa, hasa chumbani kusikopita upepo, na nyumba nyingi za maboma na za nyanda za baridi zina madirisha madogo. Kumtenga mgonjwa kwenye chakula kunamuumiza bila kumkinga mtu. Kinachokinga ni kuanza dawa mapema na kuwapima wote wa kaya. Watoto wa chini ya miaka 5 na wanaoishi na VVU, wakithibitika hawana ugonjwa, hupewa dawa ya kinga.

Anayehama kabla ya kumaliza dozi, awe anakwenda machimboni, kwenye malisho au kwa ndugu, apitie kwanza kituoni achukue barua ya uhamisho na dawa za kumfikisha. Kituo anachokwenda kitaendelea na dozi pale ilipofikia.